Uzi wa Morrowind: gemu ya kuuliza njia, kwa sisi wenye laptopu za mtumba

#1 Kibatari

Wakuu, salaam. Umeme huku kwetu umekatika tangu saa nne asubuhi, betri ya laptopu imeshakufa, nimebaki na simu. Kwa kuwa kucheza siwezi, nimalize deni la ule uzi niliouahidi. Ni mrefu. Mwenye haraka aruke habari za malipo, ila asije kesho kuniuliza nililipaje.

Nianze na mashine. Laptopu yangu ni mtumba wa ofisini, RAM GB 4, kadi ya picha ni hiyo hiyo iliyozaliwa nayo, na feni inanguruma kama mashine ya kukoboa. Baldur's Gate 3 ilipotoka Agosti 2023 kila mtu hapa alikuwa anaisimulia, na mimi napenda sana hizi gemu za uchawi na mapanga, zile ambazo unaunda mtu wako mwenyewe halafu unamkuza. Nikaenda kusoma mahitaji yake. GB 150 kwenye diski, na iwe SSD, zile diski za kasi. Diski yangu yote ni GB 128, na hapo sijataja bando. Nikafunga ukurasa polepole, kama mtu aliyegeuza kile kikaratasi cha bei dukani akakiona.

Kuna mmoja humu akanijibu neno moja tu: Morrowind.

Jina kamili ni The Elder Scrolls III: Morrowind. Ilitoka Mei 2002, kazi ya kampuni ya Bethesda ya Maryland, Marekani. Enzi hizo ilitaka Pentium III ya megahezi 500 na GB 1 ya diski. Moja. Hata simu ya mdogo wangu inaibeba, na nitawaeleza kwa nini si utani.

Sasa kununua. Nikiri kwanza kwamba niliwahi kuwa nayo ya wizi. Kijana wa kibanda cha kuingizia nyimbo aliniwekea kwenye flashi kwa shilingi 3,000. Haikuwa na muziki, ilizima kila nikiingia mlango wa tatu, na ilikuja na wale virusi wanaogeuza mafolda yako yote kuwa njia za mkato. Picha za harusi ya dada nilizipata baada ya siku mbili za kuhangaika. Mara ya pili nikajifanya mjanja, nikanunua "funguo" ya gemu, ile namba ya kuifungulia, kwa mtu wa kundi fulani la kwenye simu. Funguo ilikuwa imeshatumika, na mtu mwenyewe akanizuia kabla sijamaliza kuandika "kaka samahani".

Ya tatu ndiyo halali. Niliinunua GOG, duka la gemu la mtandaoni, na sababu ni hii: unapakua faili la kusakinishia, unalihifadhi kwenye flashi yako, siku yoyote unasakinisha bila intaneti na bila kuomba ruhusa ya mtu. Steam, duka jingine la mtandaoni, nao wanayo na sina ugomvi nao, ila tangu Oktoba 2024 wanakuandikia wazi kwenye kikapu kwamba unachonunua ni leseni. Kisheria GOG nako ni leseni vilevile, lakini faili liko kabatini kwangu, na kwa mtu wa bando hilo ndilo la maana. Halafu kuna kurudishiwa pesa. Steam wanakupa siku 14 mradi hujacheza zaidi ya saa 2. GOG wanakupa siku 30 hata kama umeicheza. Kwa Morrowind, saa 2 ni muda wa kutafuta mlango.

Kadi yangu ya benki (benki naihifadhi) ilikataliwa mara mbili, na nilipopiga simu dada wa upande wa pili akaniuliza "GOG ni duka la wapi?" kwa sauti ya kunipeleleza. Nikatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye pochi ya simu, ikakubali mara moja. Weka hela iliyozidi bei kidogo, maana dola ikibadilishwa pamoja na makato hutapata kile ulichopiga kwenye kikokotoo. Na msinunue kwa bei kamili! Subirini punguzo, huwa linarudi rudi. Mimi ilinitoka chini ya dola 6, pamoja na nyongeza zake mbili, Tribunal na Bloodmoon, ambazo zimo humo humo kwenye toleo la Game of the Year.

Haya, gemu yenyewe.

Unaamka ndani ya meli, wewe ni mfungwa, na jamaa mwenye kovu usoni anaitwa Jiub anakuuliza jina. Unashushwa Seyda Neen, kijiji cha matopeni kwenye kisiwa kinachoitwa Vvardenfell. Unajaza fomu ofisi ya sensa na ushuru, unapewa kifurushi na maagizo: peleka hiki Balmora kwa mtu anaitwa Caius Cosades. Mlango unafunguliwa. Basi. Hakuna mshale juu ya kioo, hakuna kinukta kinachomwekamweka kwenye ramani, hakuna sauti inayokuambia "twende huku".

Usiku ule wa kwanza nilikasirika. Nilizoea gemu zinazokushika mkono kama mtoto wa chekechea anayevushwa barabara. Nikarudi kusoma yale maagizo kwa utulivu: ukifika Balmora uliza kwenye baa inaitwa South Wall, pale wanamjua. Nikacheka peke yangu. Wakuu, si ndivyo tunavyoelekezana kila siku? Nani hapa amewahi kupewa namba ya nyumba? "Shuka kituo cha mwembeni, uliza kwa Mama Asha wa chapati, yeye atakuonyesha." Gemu hii imetengenezwa na watu wa Maryland lakini maelekezo yake ni ya uswahilini kabisa. Vuka mto, pita ngome, ukiona daraja la kale umekaribia. Unaandikiwa kwenye shajara yako, mengine unatazama jua, na ukipotea unamsimamisha mtu njiani.

Na kama kwetu, kuna wanaokuelekeza vibaya. Nilitafuta pango moja jioni nzima upande wa magharibi, kumbe liko mashariki. Nilifoka. Lakini katika kuzunguka kule nilimkuta mwanamke kando ya njia ya Pelagiad ameibiwa vito vyake na jambazi, na anachotaka si vito, anataka nimtafute jambazi kwa sababu amempenda. Kwa mshale kwenye kioo ningempita.

Usafiri upo, usidhani ni miguu tu. Pale Seyda Neen kuna mdudu mkubwa kama ghorofa mbili, silt strider, amechongwa mgongoni watu wakae, na dereva anamwongoza kwa kumbonyeza nyama za ndani. Unalipa senti chache unafika Balmora. Ni daladala, tofauti yake haina konda wa kukusukuma. Lakini nawasihi: mara ya kwanza nendeni kwa miguu. Mbele kidogo tu ya kijiji mtasikia mtu anapiga kelele angani, halafu mtamwona anaanguka toka juu, puu, mchawi mzima na kitabu chake. Msome. Hati alizobeba mzichukue, na kabla hamjazitumia mfikirie yeye alikufaje.

Nina zaidi ya saa 90 sasa na hadithi kuu siko hata nusu. Kuna kosa kubwa nimelifanya wiki hii, nitalisimulia umeme ukirudi, kidole kimechoka. Maswali karibuni.

#2 Dereva wa Noah

Mkuu nimesoma yote niko stendi nasubiri abiria. Hii gemu niliwahi kuionja kwa jamaa yangu nikaiacha siku hiyo hiyo. Nimempiga panya mara ishirini, kisu kinapita katikati ya mwili wake, naona kwa macho, halafu hapungui chochote. Panya ananiua mimi. Ni mbovu au nilikosea wapi?

#3 Kibatari

Hahaha, kila mtu na panya wake. Si mbovu. Chini kwa chini gemu inarusha dadu kila unapopiga, na matokeo yanategemea: ujuzi wako wa ile silaha, wepesi, bahati, na kile kimstari cha kijani cha pumzi. Wewe ulikuwa unakimbia tangu kijijini, sivyo? Kukimbia kunakula pumzi. Ukifika kwa adui kimstari kimekwisha, unapiga kama mtu aliyepanda ghorofa nane na gunia la mkaa. Tembea ukikaribia. Subiri kimstari kijae. Na tumia silaha uliyoisomea: kama kwenye fomu ulichagua shoka, usiokote kisu cha pale ofisini ukategemea miujiza.

#4 Dereva wa Noah

Nilichagua mkuki. Nikapigana na kisu. Nimeelewa. Bosi wangu abiria wamejaa, nitarudi.

#5 Msee wa Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Huku tumerahisishiwa malipo, Safaricom walileta M-PESA GlobalPay mwaka 2022, kadi ya Visa inakaa ndani ya simu, mimi gemu zangu zote nimezinunulia hapo.

Lakini Kibatari ndugu yangu, hapo kwa mshale sikubaliani nawe. Mimi nafanya shifti bandarini, nikirudi nina saa moja ya kucheza kabla sijasinzia. Skyrim ya 2011, mdogo wake Morrowind, inanionyesha pa kwenda, naenda, napigana na joka, nalala nimeridhika. Hiyo yako ningetumia saa yangu moja kumtafuta Mama Asha wa chapati. Kuna watu wamepotea vya kutosha mchana, usiku hawataki kupotea tena.

#6 Kibatari

Msee hapo umenigusa, sina jibu zuri. Labda hili tu: Skyrim ukizima ule mshale huwezi kucheza, kwa sababu mara nyingi mtu anayekutuma hakuambii mahali. Anasema "nenda pangoni" basi, mshale ndio unaojua. Nilijaribu kwa rafiki yangu. Morrowind waliiandika wakijua huna kitu kingine ila maneno. Lakini kwa mtu wa shifti nakubali, saa moja haitoshi.

#7 Shangazi Kompyuta

Naona hakuna aliyeeleza usakinishaji, acha nieleze maana nitakuja kuulizwa mimi.

Msiisakinishe ndani ya Program Files. Windows wanailinda ile folda na gemu hii ya kizamani inaandika faili zake humo humo, matokeo yake mtaona vituko. Tengenezeni folda ya pembeni, C yenyewe inatosha. Halafu wekeni OpenMW. Hii ni injini mpya, ya bure, msimbo wake uko wazi, inatengenezwa na watu wa kujitolea. Inachukua data za gemu uliyonunua na kuziendesha kwa namna ya kisasa: unaona mbali zaidi, kioo kipana kinakubali, na haizimi hovyo. Bila data halali haikufai kitu, kwa hiyo kununua bado kupo. Kibatari aliposema simu hakutania, ipo inayokimbia kwenye Android, unahamisha folda ya data kwa waya. Ila vidole juu ya kioo kidogo kile, hmm. Tafuteni kipanya.

Na hifadhini kwa majina tofauti. Rudia: MAJINA TOFAUTI. Si kubonyeza ile ya haraka moja kila dakika juu ya ile ile. Naona Kibatari ametaja "kosa kubwa", nahisi nalijua.

#8 Kaputula

Kiingereza ni kingi mno. Nimefungua nikakuta mtu anaongea kurasa tatu. Mimi Kiingereza changu cha kuombea kazi tu.

#9 Kibatari

@Kaputula ni kweli, nisikudanganye, ni gemu ya kusoma, sauti ni chache. Uzuri maandishi yanakusubiri, hayapiti kama manukuu ya filamu. Mimi nilikaa na kamusi ya TUKI pembeni. Mpaka sasa neno "guar" najua ni mnyama wa mizigo kwa kumwona tu, kamusi haina, na hata ya Kiingereza nadhani haitakuwa naye.

#10 Mwalimu wa Zamu

Nafundisha historia kidato cha tatu na cha nne, na nitawaambia kilichonishika mimi katika gemu hii, maana wengi wanaishia kwenye mapanga.

Ndani ya gemu, Morrowind ni nchi iliyo himaya, yaani iko chini ya ulinzi wa dola nyingine. Dola iliingia kwa mkataba, si kwa kuivunja nchi nzima, na katika mkataba huo wenyeji, hawa Dunmer, wakaachiwa mabaraza ya koo zao kuu, hekalu lao na sheria zao. Na utumwa wao. Kwingine kote ndani ya Dola utumwa ni marufuku, pale umeachwa kwa sababu umeandikwa kwenye mkataba. Hatua chache toka Seyda Neen kuna pango linaitwa Addamasartus, ndani yake majambazi wamefungia watu, na ufunguo unaupata kwa mmoja wa majambazi hao. Ukitoka hapo ukipanda ngome ya Dola, askari wake wamekaa, wanakunywa. Wanajua.

Nikawauliza wanafunzi (sikuwaambia ni gemu): utawala wa namna hii tunauitaje? Nusu ya darasa wakajibu sawasawa. Waingereza walitangaza himaya Zanzibar mwaka 1890, sultani akabaki kwenye kiti chake, na utumwa haukuondolewa uhalali wake hadi amri ya 1897. Miaka saba mzungu yuko pale. Sisemi waandishi wa gemu walisoma Zanzibar, sidhani. Lakini walielewa jinsi dola inavyonunua utulivu kwa kufumba jicho moja, na hawakukuhubiria. Wanakuacha ulikute pango mwenyewe. Kuna chama cha siri kinachowatorosha watumwa, Twin Lamps, na hicho nacho hakikutafuti wewe.

Na wewe mchezaji ni nani? Wakala wa Dola. Caius ni jasusi, amejificha kwenye chumba kimoja, kifua wazi, na ulevi wake mezani. Ndiye anayekutuma uthibitishe kama unaweza kuwa yule aliyetabiriwa na wenyeji, Nerevarine. Hapo jiulizeni unabii huo unamfaa nani.

#11 Msee wa Nyali

Mwalimu umenifanya niwaze kuinunua, na nilikuja hapa kubishana.

#12 Dereva wa Noah

Nimerudi. Nimeinunua jana, kadi ya simu imekubali. Panya nimemuua!! Nimemkuta yule mkusanya kodi aliyekufa vichakani na orodha yake ya madeni mfukoni. Nikasoma majina yote, nikajikuta namwonea huruma, jambo ambalo sikuwahi kulitegemea kwa mtu wa kodi. Hela zake nilizirudisha, nusura nisirudishe.

#13 Kibatari

Umeme ulirudi juzi, samahani. Kosa langu ndilo hili.

Nilitumwa kaskazini kwenye kambi ya Urshilaku, wafugaji wa majivuni, nionane na mkuu wao, Sul-Matuul. Mtu mkali, mwenye heshima zake, unaingia hemani kwake unapima maneno. Nikasahau nimeshika upanga. Nilitaka kuzungumza naye, nikabonyeza kitufe cha kupigia badala ya cha kuongelea. Pigo likaingia, na dadu za siku hiyo, wakuu, zilinipenda kuliko siku zote. Akanirukia, na mimi badala ya kukimbia nikajitetea. Nikamuua nyumbani kwake.

Gemu haikusimama. Likatokea bango tu, linasema uzi wa unabii umekatika: rudi ulikohifadhi, au endelea kuishi katika ulimwengu huu ulioulaani mwenyewe. Basi, chagua. Gemu nyingine zingemfanya mzee asife, anapiga goti anainuka. Hii inakuacha na maiti yake.

Nikaenda kutafuta pa kurudi. Shangazi, usinicheke. Nilikuwa na jina moja tu, na nilihifadhi nikiwa ndani ya hema, upanga mkononi, yeye ameshachukia.

#14 Shangazi Kompyuta

Sikucheki, nimeinamisha kichwa tu.

Hujaharibikiwa kabisa. Waliweka njia ya uani: hata uzi ukikatika, gemu inaweza kuisha bila unabii. Ni ngumu, inaumiza, na inapitia kwa mtu mmoja tu ambaye ni wa mwisho wa taifa lake. Ukitaka nikuambie yuko wapi sema.

#15 Kibatari

Dada yangu, usiniambie. Nitauliza njiani.

#16 Dereva wa Noah

Wakuu samahani kuingilia msiba. Nimefika Balmora, mwenye baa amenielekeza kwa Caius, nimetumwa nikalete kijisanduku kwenye magofu ya Arkngthand. Mto nimevuka, ngome ya Moonmoth nimeipita, daraja nimelivuka. Mlango upo mbele yangu, ni jiwe la mviringo. Nusu saa sasa. Haufunguki, hauna kitasa, hauna tundu la funguo. Nimeupiga mkuki mpaka pumzi imekwisha. Msaada tafadhali.

#17 Mwalimu wa Zamu

Achana na mlango. Tazama mabomba.